Tatu, Umebaki kwenye Tovuti Moja

Tatu, shosti yangu,

Umebaki kwenye tovuti moja tu. Ile ya Mama Furaha, ya mafuta ya nywele ya parachichi. Kwingine kote nimeshakutoa kwa mikono yangu mwenyewe, na hii iliyobaki imenifika shingoni, kwa sababu Mama Furaha hakutaka nikutoe. Alitaka uongee.

Ngoja nianze vizuri, maana najua ungeshanikatiza. "Anje, acha kuruka ruka, mie sikufuati."

Chumba chetu cha Buguruni, cha kutengenezea tovuti, bado kipo, nyuma ya duka la steshenari. Kodi nalipa, feni bado inapiga kelele, na kwenye kiti chako hakuna anayekaa. Nimeweka mkoba wangu juu yake ili wateja wasikikalie. Akija mteja namsimamisha, au nampa kiti changu nasimama mimi. Wengine wananishangaa.

Kazi imebadilika. Ungekuwepo ungecheka mpaka mbavu ziume, halafu ungekasirika. Siku hizi kila mtu anataka vioo. Kila kisanduku kionekane kama kioo kilichoshika ukungu, na nyuma yake rangi ziwe zinayeyuka, zambarau inaingia kwenye bluu, bluu inaingia kwenye pinki. Fundi magari anataka zambarau. Chekechea inataka zambarau. Juzi amekuja mzee mmoja anayeuza kuku Mabibo, mtu mzima na kofia yake, nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akatoa simu akanionyesha tovuti ya benki ya nje huko. "Binti, nataka hii hii, ila weka kuku." Nikamwekea kuku ndani ya kioo cha zambarau. Ameridhika kabisa, ananiletea na wenzake.

Herufi nazo zimekuwa kubwa kama za mabango ya barabarani. Neno moja linajaza simu nzima, mtu inabidi ateremshe kidole, ateremshe, ndipo ajue unauza nini. Unawakumbuka wateja wetu walivyokuwa wanachukia nafasi tupu? "Mbona hapa pako wazi? Si urudie namba ya simu?" Sasa hao hao wanadai nafasi tupu kama dawa ya daktari. Na wale vijana wa hosteli za Mabibo wana mtindo wao mwingine, wa kuacha kila kitu kikavu: mistari minene myeusi, vitufe vya mraba, njano inayouma macho, herufi kama za kompyuta ya zamani. Mara ya kwanza kuuona nilimpigia simu mwenye kazi kumwambia tovuti yake haijafunguka vizuri. Akanijibu, "Sista, ndiyo dizaini yenyewe." Nikageuka nikuambie. Niligeuka kweli, Tatu, mdomo wazi, nakaribia kucheka. Nikakuta mkoba.

Yote hayo ningeyaweza. Mitindo tumeizoea, inakuja inaondoka, sisi tunalipa umeme. Kilichonimaliza ni picha za watu.

Siku hizi hakuna anayepiga picha. Unaandika maneno, akili mnemba inakutengenezea muuguzi, mwalimu, mama na mtoto mgongoni. Ngozi zao zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya kupikia, meno yote yamepangwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaliwa. Zamani shida yetu ilikuwa Wazungu. Picha zote za bure zilikuwa za Wazungu wanapeana mikono, na yule mwenye shule ya udereva ya Temeke alikuja juu: "Huyu mwanafunzi wangu gani ana macho ya bluu?" Mimi nikaanza kujieleza. Wewe ukasimama ukasema, "Nipige mie."

Ndiyo tukaanza. Tulikuwa tunakwenda nyumbani kwetu Chamazi kwa sababu chumba cha Buguruni hakina mwanga, tunatundika shuka jeupe la mama yangu kwenye ukuta wa uani, unabadilisha nguo nyuma ya mlango wa jiko. Ukawa mwanafunzi wa udereva. Ukawa muuguzi wa zahanati kwa koti la kuazima, mwalimu wa chekechea, mhasibu mwenye miwani yangu ambayo ilikuwa inakutia kizunguzungu. Ukawa mwanamke anayekimbia mende kwenye tovuti ya dawa ya wadudu, na ile tuliirudia sana kwa sababu ulikuwa unacheka badala ya kuogopa. Nusu ya Temeke ilikuwa inauziwa vitu na wewe.

Tulipiga siku zako nzuri tu. Hilo tulikuwa tunalijua wawili. Seli mundu, ule ugonjwa wako wa damu, haikuwa inakupa taarifa. Leo mzima, kesho mifupa imekukamata hupokei hata simu yangu. Kwa hiyo siku ukiamka vizuri ulikuwa unaniambia, "Anje, twende Chamazi kabla haijabadili mawazo." Mtu akipita kwenye zile tovuti zote hawezi kujua kama uliwahi kulala kitandani wiki nzima. Ila macho. Yalikuwa na ule umanjano, na siku nilipotaka kuyasafisha kwenye kompyuta ulinichapa mkononi. "Toa doa la ukutani, toa chunusi. Macho yangu niachie."

Ulipoingia hospitali mara ya mwisho nilidhani ni kama zile nyingine. Uliniachia kazi nusu na ukaniambia nisiguse rangi mpaka utoke. Sikuzigusa, Tatu. Mpaka leo ile kazi ipo nusu.

Na sikukuzika. Sijui kama unalijua hilo. Kwetu tunakwenda wote mpaka kaburini, wanawake kwa wanaume, kila mtu anatupa udongo wake, anaona kwa macho. Kwenu wanaume walikubeba mabegani, kile kitambaa cha kijani kikapita getini, sisi tukabaki uani tumekaa kwenye mikeka. Nilitaka kukimbia nikufuate. Shangazi yako alinishika mkono akaniambia, "Tulia, mwanangu, sie tunaishia hapa." Kwangu mimi ulipita getini tu. Sikukuona ukiingia popote.

Baada ya arobaini mama yako aliniita Temeke. Alinikalisha, akanipa chai ya tangawizi, akasubiri ninywe. Ndipo akasema: "Mwanangu Anjela, watu wananiletea simu, wananiuliza: Mama Tatu, huyu si marehemu huyu? Anauza dawa ya mende. Mie nimeshamzika mtoto wangu. Kaumwa maisha yake yote kachoka, na huko nako bado mnamfanyisha kazi. Mtoeni apumzike." Hakupandisha sauti. Nikasema ndiyo Mama, nitamtoa. Ningesema nini? Ningemwambia kwamba mimi usiku na mchana nafungua tovuti ya ile zahanati, wala siumwi chochote, nakuangalia umeshika faili, nafunga?

Wateja wengi wala hawakunipa tabu, wenyewe walikuwa wanataka mtindo mpya. Shule ya udereva ikataka giza, ukurasa wote mweusi na maandishi ya kijani yanayowaka. Ukatoka wewe, akaingia kijana wa akili mnemba ameshika usukani. Usukani uko upande wa kushoto, Tatu. Shule ya udereva, hapa hapa Temeke, na mwenye shule hajaona! Sikumwambia. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Chekechea ikataka katuni. Zahanati ikataka daktari mwanamume mwenye ndevu. Kila nilipokutoa kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Ni swali la kawaida, inaliuliza kwa faili lolote, na mimi nilikuwa nakaa mbele yake nalia kama mwehu, halafu nabonyeza ndiyo. Niliona nakuzika kwa vipande, peke yangu, bila mtu wa kunipa pole.

Ikabaki ya Mama Furaha.

Unajua jinsi alivyokuwa anakupenda. Alikuja msibani na ndoo ya mafuta ya kupikia kwa ajili ya wapishi, mtu wa Njombe huyo, akaketi na mama zenu kama ndugu. Alipokuja ofisini nilidhani atasema anataka vioo na zambarau, na alisema hivyo. Halafu akasema: "Lakini Tatu simtoi. Watu wamemzoea. Wewe mfanye aongee tu, kama wale wa siku hizi." Ndio mtindo mpya kabisa huo. Mtu anafungua ukurasa, picha inapepesa macho, inageuza shingo, inamsalimia. Nikamwambia, Mama, Tatu amefariki. Akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge chake. "Najua, mwanangu. Ndiyo maana. Itakuwa kama hajatutoka."

Picha yenyewe ni ile ya Chamazi, siku ya mechi. Ulikuwa umeshika chupa, umenuna kwa sababu jua lilikuwa linakuchoma, goli likaingia kule uwanjani, kelele zikalipuka mtaa mzima, na wewe ambaye hata timu huna ukacheka kwa mshtuko. Hakuna nyingine kama hiyo. Kwenu ukutani hakuna picha yako hata moja. Kwenye simu yangu nyingi ni za kitandani. Nilikaa naiangalia nikajiambia nitakataa. Kisha nikajiambia, nijaribu tu nione kama inawezekana, halafu ndiyo nikatae.

Nilikuwa nakutamani, Tatu. Sina neno jingine. Nilikuwa nimeishiwa kabisa.

Nikachukua picha ile, nikachukua sauti zako za simu, zile ndefu za kulalamikia wateja, nikazilisha ile programu. Ikaniuliza useme nini. Maneno Mama Furaha alishanipa. Ukafungua mdomo ukasema: "Habari mpendwa mteja, nywele zako ni fahari yako." Wewe! Katika maisha yako hujawahi kumwita mtu mpendwa mteja, mteja wako mpendwa kabisa ulikuwa unamwita "yule king'ang'anizi". Na macho yako programu ilikuwa imeshayasafisha bila kuniuliza, meupe pe.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufunga kompyuta niende nyumbani. Lakini sauti ilikuwa yako. Nikafuta maneno ya Mama Furaha nikaandika ya kwangu. Nikaandika, Anje, umekula? Ukaniuliza kama nimekula. Nikakujibu. Mchana kweupe, kwa sauti, kijana wa steshenari anasikia ukutani, nikakujibu kwamba bado, sina hamu. Nikaandika unigombeze, ukanigombeza. Nikaandika unisifie kazi, ukanisifia, jambo ambalo ukiwa hai nilikuwa nalisubiri mwezi mzima. Nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi mpaka nikaogopa. Mwisho nikaandika vile ulivyokuwa unaingia asubuhi, kwa ile sauti yako ya kuvuta: "Hodi hodi wenyewe, mpo?"

Ile programu ina tabia ya kurudia yenyewe mpaka uisimamishe. Nikaiacha irudie.

Mama yako siku hiyo alikuwa sokoni hapo Buguruni. Akaona apite anijulie hali, achukue na kanga yako iliyobaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Mlango wenyewe nilikuwa nimeuegesha. Amefika kizingitini, hajatia neno bado, akasikia sauti ya mwanawe ndani: hodi hodi wenyewe, mpo? Na mama yako akaitika. "Karibu, mama. Karibu, tupo." Ilimtoka tu, kama inavyomtoka nyumbani kwake kila siku. Yeye aliyekuwa nje akamkaribisha aliye ndani.

Kisha akausukuma mlango.

Nilisimama. Nikasema shikamoo Mama, hakuitikia. Akakuona kwenye skrini, unapepesa macho, umeshika chupa. Akatoa mkoba wangu kwenye kiti chako, akauweka chini taratibu, akakaa. Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru kama angenipiga. Akasema, "Rudia."

Ilikuwa inarudia tayari. Ukabisha hodi.

"Tena."

Akasogea mpaka pumzi yake ikawa inagonga kioo cha kompyuta. Alikuwa anakuangalia usoni, kwa karibu, kama anavyoangaliwa mtoto aliyekuwa na homa. "Macho yamepona," akasema. Nikashindwa kumwambia kwamba ni programu. Ukabisha tena hodi, na tena, na tabasamu lile lile, na shingo inageuka vile vile. Akanigeukia mimi, na uso wake, Tatu, sitausahau. Akaniuliza:

"Mbona anabisha tu? Mbona haingii?"

Msibani hakulia kwa sauti. Wanawake walimwambia avute subira, akavuta, kila mtu alimsifu. Pale ofisini kwetu akalia. Akalia kilio ambacho sikuwahi kumsikia mtu mzima akilia, ameshika kingo za meza, na wewe katikati ya kilio unaendelea, hodi hodi wenyewe, mpo?, hodi hodi wenyewe, mpo?, kwa sababu kitufe cha kusimamisha nilikuwa nakitafuta sikipati. Nikaifunga kompyuta kwa kiganja. Ulisema mara moja tena kwa ndani, sauti ikiwa imezibwa, ndipo ukanyamaza.

Aliteremka kwenye kiti, tukakaa pale sakafuni, yeye na mimi. Kijana wa steshenari alileta maji akayaacha mlangoni bila kuuliza kitu. Mama yako alipotulia akafunga vizuri mtandio wake, akachukua kanga yako akaikunja. Hakunigombeza. Alisema: "Usimwambie mtu kama nilisema rudia." Akafika mlangoni akasimama. "Ikiwepo, nitakuja kesho. Na kesho kutwa nitakuja. Najijua. Ifute, mwanangu." Nikamuuliza, na picha ya Mama Furaha? Akasema, "Yote."

Ile ya kuongea niliifuta kabla hajavuka barabara. Haikuniuliza kama nina uhakika. Sijui kwa nini hiyo haikuuliza.

Kwa Mama Furaha nilikwenda mwenyewe. Kwanza alikuja juu. Akasema kama mimi siwezi, kuna kijana anaweza kumfanyia mara moja, na picha anayo, alishailipia. Ni kweli alishailipia. Nikaona hapa sasa nimekwisha, mtu mwingine asiyekujua atakufungua mdomo. Nikapiga magoti, Tatu, pale saluni kwake, mbele ya wateja wenye vichwa vya kusukwa nusu, nikamweleza mama yako alivyoitika mlangoni na alivyouliza. Sikumwambia kuhusu rudia. Mama Furaha akaweka mikono kichwani. Ana mabinti wanne yule. Akasema, "Mtoe. Mtoe, Mungu wangu."

Nikamuuliza, sasa pale nimweke nani?

"Usimweke mtu. Weka chupa."

Kwa hiyo nimeiweka chupa. Nimeipiga picha mwenyewe, Chamazi, shuka lile lile. Nimeizungushia vioo na zambarau yake kama alivyotaka, herufi kubwa, nafasi tupu ya kutosha, imependeza, ungeikosoa lakini imependeza. Ipo tayari hapa pembeni. Wewe upo bado upande huu, unacheka kwa goli la watu. Nikituma chupa, wewe unaondoka, na baada ya hapo mtu akikutafuta mtandaoni hatapata kitu. Nimeanza kukuandikia ili nichelewe. Nimechelewa vya kutosha.

Naogopa, Tatu. Naogopa kukusahau sura ya kucheka nikabaki na ya kitandani. Naogopa kesho asubuhi zaidi ya nilivyoogopa siku ile kwenu uani. Kule nilizuiwa nisikufuate. Hapa hakuna wa kunishika mkono, na kidole ni changu.

Sauti zako za simu nitabaki nazo. Zile unalalamika, unakohoa, unaniambia niwahi. Hizo zinasema ulichosema wewe, basi, hata nikizisikiliza vipi hazinijibu. Nakuahidi sitakulisha maneno tena. Wala yangu, wala ya mteja, wala hata yale mazuri niliyokuwa nayataka kwako. Na Ijumaa nitakwenda Temeke kukaa na mama yako, nimsaidie kupika, nisimwonyeshe chochote kwenye simu.

Nabonyeza sasa.

Nenda salama, shosti yangu. Nikikuita, na nitakuita, usiitike.

Anje wako